Mwenye Kusema na Mwenye Kufuta

Usimamizi wa maudhui ni kazi ya kuamua chapisho lipi libaki mtandaoni, lipi lifutwe, lipi lionyeshwe kwa watu wachache, na akaunti ipi ifungiwe. Hufanyika usiku na mchana ndani ya kampuni ambazo hakuna mpiga kura aliyezichagua, na mara nyingi katika lugha ambazo wakubwa wa kampuni hizo hawazijui. Wanaoijadili hupenda kuiweka kwenye mizani yenye sahani mbili, uhuru huku na usalama kule, kana kwamba kilichobaki ni kuujua uzito wa kila upande. Mizani hiyo inaficha swali gumu zaidi, nalo ni nani aliyeishika, anasoma lugha gani, na aliyepunjwa akalalamike wapi.

Upande wa sheria, mipaka ilichorwa zamani. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Inaruhusu haki hiyo kuwekewa mipaka, lakini kwa masharti matatu: mpaka uwe umeandikwa kwenye sheria, uwe na lengo linalokubalika kama vile kulinda haki za wengine au usalama wa taifa, na uwe wa lazima kweli bila kupita kiasi. Ibara ya 20 inazitaka nchi zipige marufuku uchochezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini. Katiba ya Kenya ya 2010 imefuata njia hiyo katika Ibara ya 33, ambayo inaulinda uhuru wa kujieleza lakini inaacha nje ya ulinzi huo propaganda za vita, uchochezi wa fujo na matamshi ya chuki. Katiba ya Tanzania inatoa uhuru wa maoni katika Ibara ya 18 na kuweka mipaka ya jumla katika Ibara ya 30.

Katika nchi za Maziwa Makuu mipaka hiyo ina historia ya damu. Redio RTLM ya Kigali, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, iliwaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza Aprili 1994 ikawa inataja majina ya watu wa kusakwa na mahali walipo. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Ilikuwa kesi ngumu, lakini ilikuwa na urahisi mmoja ambao zama za sasa hazinao. Redio ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na mnara, na watangazaji wake walijulikana kwa sauti. Chapisho la mtandaoni laweza kuwa na mwandishi asiye na jina, wasambazaji elfu moja, na kampuni inayosema kwamba yenyewe si mwandishi wala mhariri.

Sheria ya 1996

Kauli hiyo ya kampuni ina chanzo chake Marekani, miaka ya mwanzo ya intaneti. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliiona kampuni ya CompuServe kuwa sawa na duka la vitabu: haikusoma yaliyowekwa na wateja wake, kwa hiyo haikuwajibika kwa kashfa zilizomo. Miaka minne baadaye mahakama nyingine ya jimbo hilohilo iliamua kinyume dhidi ya kampuni ya Prodigy. Kosa la Prodigy lilikuwa kwamba ilijitahidi. Ilifuta matusi na kuweka kanuni za adabu, na mahakama ikasema anayehariri ni mchapishaji, basi abebe lawama ya mchapishaji.

Hukumu hizo mbili zilileta hali ya ajabu, kwamba aliyefumba macho alikuwa salama kuliko aliyefagia. Bunge la Marekani likaingilia kati mwaka 1996 kwa Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano. Kifungu hicho kilisema kampuni ya mtandao haitahesabiwa kuwa mchapishaji wa maneno ya mtumiaji, tena haitaadhibiwa kwa kuondoa kwa nia njema inachokiona hakifai. Facebook ilianza 2004, YouTube 2005 na Twitter 2006, zote chini ya kinga hiyo. Ndiyo sababu kampuni inayofuta chapisho la mwanasiasa Marekani haivunji uhuru wa kusema kwa maana ya katiba yao, kwa kuwa katiba ile inaifunga mikono serikali, haiifungi kampuni binafsi. Mtumiaji wa Mombasa au Mwanza alirithi mpangilio huu bila kuulizwa, pamoja na kanuni za matumizi zilizoandikwa California na ambazo karibu hakuna anayezisoma kabla ya kubonyeza kukubali.

Mashine na macho

Kazi yenyewe hufanywa kwa ngazi. Ya kwanza ni ya mashine peke yake. Kwa picha za unyanyasaji wa watoto kingono, teknolojia ya PhotoDNA, iliyotengenezwa na Microsoft pamoja na Profesa Hany Farid mwaka 2009, huipa kila picha iliyokwisha kutambuliwa namba yake, na nakala yoyote ikipandishwa tena hunaswa mara moja. Hapa hakuna mjadala wa uhuru wa kusema. Mashine inalinganisha namba na namba, na kinachotafutwa ni haramu karibu kila nchi.

Shida huanza pale mashine inapotakiwa kuelewa maana. Programu iliyofundishwa kwa mifano mingi ya lugha ya chuki hukadiria uwezekano kwamba chapisho jipya linafanana na mifano hiyo. Inaweza kuwa hodari sana kwa Kiingereza, ambacho kina mifano isiyohesabika, na ikawa kipofu kwa lugha ambayo mifano yake ni haba. Haijui kejeli wala nukuu. Anayelaani tusi kwa kulirudia huonekana mbele yake sawa na aliyelitoa.

Ndipo linakuja jicho la mtu, nalo pia hufungwa na kanuni. Septemba 2016 Facebook iliifuta picha iliyopigwa huko Vietnam mwaka 1972, ile ya msichana anayekimbia akiwa uchi baada ya kuunguzwa na bomu la napalm. Kanuni ilikataza picha za watoto walio uchi, na picha hiyo, kwa kusoma herufi, ilikuwa ya mtoto aliye uchi. Gazeti la Aftenposten la Norway lilipolalamika, na Waziri Mkuu Erna Solberg alipoiweka picha hiyo kwenye ukurasa wake, kampuni ilifuta hata chapisho la waziri mkuu. Ilirudi nyuma siku hiyohiyo. Kisa hiki hutajwa sana kama mfano wa upumbavu wa kampuni, na hukumu hiyo ni kali mno. Kanuni moja inayotumika kwa mabilioni ya machapisho lazima iwe fupi na rahisi kufuata, na kanuni fupi itakosea mahali fulani. Lililostahili lawama ni kwamba ilimhitaji waziri mkuu na ukurasa wa mbele wa gazeti ili kosa lisahihishwe.

Macho hayo, kwa sehemu kubwa ya Afrika, yalikuwa Nairobi. Meta, kampuni mama ya Facebook, iliwapa kazi hiyo wakandarasi wa kampuni ya Sama, waliokagua machapisho kwa Kiswahili, Kiamhari, Kisomali na lugha nyingine. Februari 2022 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba baadhi yao walikuwa wakibakiwa na takriban dola 1.50 kwa saa, huku wakitazama mauaji, ubakaji na watu wanaojiua. Mei mwaka huo Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa amefukuzwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, alizishtaki Meta na Sama katika mahakama za Kenya. Sama ilijiondoa kwenye kazi hiyo mwaka 2023, na wakaguzi 184 wakafungua kesi yao kupinga kuachishwa kazi. Mei Mosi ya mwaka huo wenzao waliokutana Nairobi walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi cha wakaguzi wa maudhui wa Afrika.

Hoja kuu ya Meta mahakamani ilikuwa kwamba haina makazi wala biashara Kenya, kwa hiyo haiwezi kushtakiwa huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliikataa hoja hiyo. Miezi mitatu baadaye zikatoka ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani, zikionyesha kwamba zaidi ya wakaguzi 140 waliopimwa na daktari wa afya ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walikuwa na msongo mkali wa mawazo unaofuata mshtuko, ule ambao madaktari huuona kwa askari waliotoka vitani. Mjadala wa uhuru wa kusema huendeshwa na mawakili na maprofesa. Gharama ya kuusafisha mtandao imebebwa na vijana wa mkataba wa muda.

Lugha isiyo na msomaji

Ukosefu wa macho yanayoelewa lugha umewahi kuua. Agosti 2017 jeshi la Myanmar lilianza operesheni iliyowakimbiza Warohingya zaidi ya 700,000 hadi Bangladesh, baada ya miaka ya machapisho ya Facebook yaliyowaita mbwa, funza na wavamizi. Uchunguzi wa shirika la habari la Reuters ulibaini kwamba mwanzoni mwa 2015 kampuni ilikuwa na wakaguzi wawili tu waliojua Kiburma. Timu ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliitaja Facebook kuwa chombo cha kueneza chuki nchini humo, na kampuni yenyewe ikakiri Novemba 2018 kwamba haikufanya ya kutosha.

Baada ya kukiri, ikaja Ethiopia. Wakati wa vita vya Tigray, profesa mmoja wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar aliandikwa kwenye Facebook kwa jina na picha, akituhumiwa kuwaunga mkono waasi. Familia iliripoti machapisho hayo kwa kampuni zaidi ya mara moja. Novemba 2021 profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Mwanawe na wenzake walifungua kesi Nairobi Desemba 2022, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza. Kesi hiyo haiishii kwenye kufuta tu. Inadai pia kwamba algoriti, yaani hesabu ya kompyuta inayoamua nani aone nini, ililisukuma mbele chapisho la chuki kwa sababu hasira huvuta watu na watu huvuta matangazo ya biashara. Dai hilo likikubaliwa, kinga ya duka la vitabu itapungua nguvu, kwa kuwa hakuna duka linalomfuata mpita njia na kumfungulia kitabu usoni.

Nyaraka zilizovujishwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, zinaeleza sehemu ya sababu. Kwa shughuli ya kutambua habari za uongo, asilimia 87 ya bajeti ya muda ilikuwa imetengwa kwa Marekani. Watumiaji wa Amerika Kaskazini walikuwa takriban asilimia 10 tu ya watumiaji wa kila siku.

Kiswahili kilipewa mtihani wake Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya. Mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliiletea Facebook matangazo ya kulipia yenye wito wa wazi wa kuua watu wa makabila fulani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa nia ya kuyaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni kwa sababu ya sarufi mbovu na matusi, na yaliposahihishwa sarufi yakapita nayo. Mashine ya kampuni tajiri kama ile iliona kosa la kisarufi, haikuona wito wa kuua. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliipa Facebook siku saba kujirekebisha, mawaziri wakasema serikali haitaufunga mtandao wowote, na uchaguzi ukafanyika 9 Agosti mitandao ikiwa hewani.

Hata msomaji anayejua lugha ana kazi. Miezi michache kabla, Tume hiyohiyo ilikuwa imetoa orodha ya maneno zaidi ya ishirini ya kuepukwa kwenye kampeni, likiwemo "madoadoa". Kwa fundi wa rangi au mwenye ng'ombe neno hilo halina hatia. Kwa aliyekuwa Bonde la Ufa wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ni wito wa kuwaondoa majirani wa kabila jingine. Orodha haiwezi kutofautisha viwili hivyo, na mara neno linapoorodheshwa wachochezi huhamia jingine, kama vijana wa mtandaoni wanavyobadili herufi au kuweka emoji ili wasinaswe. Kinachohitajika ni mtu anayejua nani anasema, wapi na lini, na watu wa namna hiyo ni ghali kuliko programu.

Serikali zinaposhika mizani

Udhaifu wa kampuni umekuwa kisingizio kizuri kwa serikali. Nigeria iliifungia Twitter Juni 2021, siku mbili baada ya mtandao huo kufuta ujumbe wa Rais Muhammadu Buhari uliowakumbusha vijana wa kusini-mashariki vita vya Biafra kwa sauti ya kitisho. Marufuku ilidumu hadi Januari 2022. Uganda ilifanya vivyo hivyo. Januari 2021 Facebook ilipoondoa akaunti ilizosema zinaendeshwa kwa ulaghai na watu wa kitengo kimoja cha Wizara ya Habari na Teknolojia, Rais Yoweri Museveni aliufunga mtandao huo siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, kwa hoja kwamba kampuni isiyokuwa na haki kwa pande zote haina nafasi Uganda. Hoja ya haki ina uzito wake. Lakini intaneti nzima ilizimwa usiku wa kuamkia kura, kwa chama tawala na wapinzani pamoja, na Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka, wananchi wakiifikia kwa VPN.

Tanzania imepitia njia ya leseni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iliwapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji, na Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa kwa kukataa kuzitoa. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni walipe ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili, na JamiiForums ikazima mtambo wake Juni mwaka huo hadi ilipopata leseni. Mei 2025 mtandao wa X, zamani Twitter, ulifungwa nchini, waziri mwenye dhamana akitaja picha za ngono zinazoruhusiwa humo. Septemba Mamlaka ya Mawasiliano iliifungia JamiiForums siku 90, na kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima. JamiiForums yenyewe inasimamiwa na Watanzania wanaosoma Kiswahili cha mtaani, chenye mafumbo yake yote, jambo ambalo Meta haijalimudu. Kwa hiyo kilichofungwa ni mojawapo ya mitandao michache yenye wakaguzi wanaoelewa wanachokisoma.

Ukipima hatua hizi kwa masharti matatu ya mkataba wa 1966, nyingi hupita sharti la kwanza, kwa kuwa kanuni huwa ipo kwenye gazeti la serikali. Huanguka kwenye la tatu. Kuzima mtandao kwa mamilioni ili kumnyamazisha mchochezi mmoja hakuwezi kuitwa kiasi.

Mahakama za eneo hili zimewahi kusema hivyo. Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya Geoffrey Andare, ilibatilisha kifungu cha sheria ya mawasiliano kilichoadhibu ujumbe "wa kuudhi" kwa sababu hakuna aliyejua maneno gani yangemfikisha jela. Kesi ndogo, lakini msingi wake unazihusu kampuni pia: kanuni isiyoeleweka huwanyamazisha hata wasio na kosa.

Kumdhibiti anayefuta

Ulaya imechagua kuidhibiti kampuni badala ya msemaji. Ujerumani ilianza 2017 kwa sheria iliyoipa mitandao mikubwa saa 24 za kuondoa maudhui yaliyo haramu waziwazi, na faini inayofikia euro milioni 50. Wakosoaji waliona tatizo lake mapema. Kampuni inayotozwa kwa kuchelewa kufuta, na isiyotozwa chochote kwa kufuta pasipostahili, itafuta kila chenye shaka. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, ilijifunza hilo. Inamtaka anayefuta ampe mwenye chapisho sababu na nafasi ya kukata rufaa, inaitaka mitandao yenye watumiaji zaidi ya milioni 45 Ulaya ichunguze madhara ya mifumo yake yenyewe, na faini yake yaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima. Mtumiaji wa Dodoma hana haki hizo.

Meta ilijiundia chombo chake cha rufaa, Bodi ya Usimamizi, iliyoanza kupokea kesi Oktoba 2020. Maina Kiai wa Kenya alikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo. Uamuzi wake unaojulikana zaidi ni wa Mei 2021 kuhusu Donald Trump. Bodi ilikubali kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya kumfungia baada ya uvamizi wa bunge la Marekani, ila ikasema adhabu isiyo na mwisho wala kigezo haikubaliki, na kampuni ikalazimika kuweka miaka miwili. Bodi husikiliza kesi chache mno kati ya mamilioni ya rufaa. Tena haiwezi kuizuia kampuni kubadili mwelekeo, kama ilivyoonekana Januari 2025 Meta ilipotangaza kuachana na wahakiki wa habari wa nje huko Marekani. Kwa Twitter mabadiliko yalikuja kwa mauzo. Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na siku chache baadaye karibu wafanyakazi wote wa ofisi yake ya Afrika, iliyokuwa Accra, wakaachishwa kazi.

Zipo pia njia ambazo hazifuti chochote. WhatsApp haiwezi kusoma ujumbe wa watumiaji wake kwa kuwa umefungwa kwa siri tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, hivyo swali la kufuta halikuwahi kuwa lake kwa urahisi. Mwaka 2018, baada ya uvumi wa watekaji watoto kusababisha watu kuuawa na makundi ya raia huko India, iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mpigo. Kikomo hicho kilienezwa duniani Januari 2019, na kwa mujibu wa kampuni usambazaji ulipungua kwa asilimia 25. Aprili 2020, wakati wa uvumi wa tiba za korona, ujumbe uliokwisha kuzunguka sana uliruhusiwa kwenda kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja, na kampuni ikasema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyenyimwa neno, na hakuna mkaguzi aliyelazimika kuamua lipi kweli na lipi uongo. Kikomo hicho kinazuia mbio za uvumi. Hakimsaidii mtu ambaye jina na picha yake vimekwisha kuwekwa kwenye kundi la watu 1,024, na kwake bado anahitajika msomaji anayejua lugha iliyotumika na mwenye uwezo wa kujibu ripoti kabla ya siku kuisha.